Haya si Kunyamaza

Kwa miaka mingi sasa watu wa Afrika Mashariki wamekuwa wakishindana juu ya jambo moja: je, vijana wafundishwe habari za miili yao, za balehe, za unyumba na za maradhi ya zinaa, au waachwe mpaka siku watakapooa na kuolewa? Upande mmoja husema kwamba kijana asiyeambiwa kitu ataangamia kwa kutojua. Upande wa pili husema kwamba kumwambia ni kumfungulia mlango uliokuwa umefungwa, na kwamba mambo hayo yakitajwa, haya huondoka. Katika kila upande wamo watu wema, na kila upande hudhani kwamba dini iko pamoja nao.

Sisi tulioikubali Islam, na wale ambao bado wanaichunguza, yatupasa tuanze mbali zaidi. Kabla ya kuuliza kama kijana aambiwe au asiambiwe, tuulize: usafi wa mwenendo ni nini hasa? Aliye safi ni yule asiyejua, au ni yule ajuaye na kujizuia? Kama usafi ni kutojua, basi kunyamaza kwa mzazi ni wema mkubwa. Lakini kama usafi ni kujua na kujizuia, basi mzazi anyamazaye amemnyang'anya mwanawe ngao, kisha akamtuma vitani.

KIJANA HUFUNZWA NA NANI?

Wazee walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tuizingatie methali hii. Haisemi kwamba asiyefunzwa nyumbani hubaki bila kufunzwa. Yasema kwamba atapata mwalimu mwingine. Hakuna kijana asiyefunzwa mambo haya. Yuko aliyefunzwa na wampendao, na yuko aliyefunzwa na wasiomjali.

Jamii zetu za zamani zililijua jambo hili vema. Pwani na kusini mwa Tanzania, kwa Wazaramo, Wamwera, Wayao, Wamakonde na wengineo, mvulana alipelekwa jandoni na msichana alichezwa unyago. Mama hakumfundisha binti yake mwenyewe, kwani ilikuwa aibu kwa wawili hao kuyasema hayo. Bali aliteuliwa mtu mzima, somo au kungwi, akapewa heshima na kukabidhiwa kazi hiyo. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akafundishwa usafi wa mwili, adabu mbele ya wakubwa na mambo ya unyumba. Mara nyingi alipotolewa nje, mchumba alikuwa tayari. Kati ya mafundisho na ndoa haukupita muda mrefu.

Leo mambo yamegeuka. Binti huvunja ungo akiwa na miaka 13 au 14, na kwa ajili ya masomo huenda asiolewe mpaka apite miaka 20. Masomo hayo ni kheri, kwani dini yetu imeifanya elimu kuwa faradhi. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana wa leo hukaa miaka mingi akiwa na mwili wa mtu mzima na hana ndoa, hali ambayo bibi yake hakuijua. Na unyago wenyewe, mahali pengi, sasa huchezwa katika likizo za shule kwa watoto wadogo kuliko wa zamani. Mtoto ambaye bado hajabalehe hufundishwa namna ya kumpendeza mume ambaye hana, kisha likizo ikiisha anarudi darasani.

Ndugu zetu wengi waliosilimu kutoka katika jamii hizo wameuacha unyago kwa sababu ya nyimbo za matusi na ulevi unaofuatana nao. Wamefanya vema. Lakini swali zito linabaki: mahali pa kungwi wameweka nini? Katika nyumba nyingi hapakuwekwa kitu. Bibi mzaa mama anapokuja kumtaka mjukuu wake achezwe, wazazi hukataa kwa jina la dini, na bibi huondoka na masikitiko. Hapo hudhani kwamba kazi imekwisha. Kumbe aliyeng'oa mlango mbovu asipotia mwingine ameiacha nyumba wazi.

Na nyumba ikiwa wazi, huingia nani? Huingia mwenzake wa darasani, ambaye naye hajui, lakini husema kwa sauti ya mtu ajuaye. Huingia nyimbo na filamu za vibanda vya video. Siku hizi huingia simu, ambayo kwa fedha kidogo humwonyesha mtoto katika dakika moja machafu ambayo babu yake hakuyaona maisha yake yote. Huingia pia mtu mzima mwenye fedha, yule ambaye Watanzania walimpa jina la fataki, jina lililoenezwa na matangazo ya redio. Huyo hafundishi kwa maneno. Hufundisha kwa nauli, kwa sahani ya chipsi, kwa vocha ya simu. Kwa binti ambaye shule yake iko mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupakiwa kwenye pikipiki si anasa, ni kupumzika.

Matunda ya mafundisho hayo yanaonekana. Uchunguzi wa serikali juu ya afya ya jamii uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 27 walikwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 22. Idadi imepungua, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini 22 katika 100 ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, na kwamba wazazi wake ndio wanaompeleka huku au kule. Fundisho hili lina rehema na lina onyo. Rehema ni kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa mchafu, wala hakurithi dhambi ya mtu. Onyo ni kwamba mtoto akipotoka, waliomzunguka wataulizwa kabla ya kumlaumu yeye.

KUTOJUA SI UTAKATIFU

Turudi sasa kwenye swali letu la kwanza. Mwezi wa Disemba 1896, katika mkutano wa dini uliofanyika Lahore, ilisomwa hotuba ya Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, ambayo baadaye ilichapishwa na kujulikana kwa jina la Falsafa ya Mafundisho ya Islam. Humo alieleza kwamba hali za kimaumbile za mwanadamu, kama hamu, hasira na upole, si tabia njema wala mbaya kwa zenyewe. Huwa tabia njema pale tu akili inapozitawala na kuzitumia mahali pake. Na alipofika kwenye usafi wa mwenendo alisema wazi kwamba sifa hiyo haimstahili mtu asiye na uwezo wa kutenda dhambi hiyo, kama mtoto mdogo au mtu aliyekosa nguvu kwa maumbile au kwa uzee. Sifa ni ya yule mwenye uwezo, mwenye hamu, ajuaye njia, lakini akajizuia kwa ajili ya Mungu.

Maneno haya yanakata shauri. Mtu aliyefungwa mikono hasifiwi kwa kutoiba. Vivyo hivyo, kijana ambaye hakufanya ovu kwa sababu tu hakujua kama lipo, hajawa mcha Mungu bado. Ni mtu ambaye mtihani haujamfikia. Na mtihani utamfikia, kwani balehe haiombi ruhusa ya mzazi.

Pengine msomaji atasema: Je, kutojua kwa mtoto mdogo si jambo zuri la kulindwa? Naam, ni zuri, na ni amana. Lakini tazama jinsi Kurani Tukufu inavyoilinda amana hiyo. Katika Sura An-Nur (24:59-60) waaminio wanaamrishwa kwamba hata watoto ambao hawajabalehe waombe ruhusa kuingia kwa wakubwa nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kupumzika adhuhuri, na baada ya sala ya isha, na wakishabalehe, waombe ruhusa wakati wote. Mtoto wa miaka sita haambiwi kuna nini nyuma ya mlango. Anaambiwa kwamba mlango upo, kwamba mwili una sitara yake, na kwamba hata yeye ana sitara yake ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuivunja. Huo ndio mwanzo wa elimu hii, na ni Mungu mwenyewe aliyeuweka. Mtoto aliyefundishwa hivyo, mtu mwovu akimgusa vibaya, atajua kwamba limefanyika jambo la kusemwa kwa wazazi.

KURANI TUKUFU HAIKUNYAMAZA

Wako wanaodhani kwamba dini haiyataji mambo haya. Hao hawajaisoma. Kurani Tukufu inaeleza habari za hedhi (2:223), za mimba na kunyonyesha, na za kuumbwa mwanadamu tumboni mwa mama yake. Inaeleza kwa maneno safi yasiyomfanya msomaji aone haya, lakini inaeleza. Tena sala yenyewe haimruhusu mzazi kunyamaza. Mvulana asiyejua janaba ni nini atasali bila josho. Msichana asiyejua hukumu ya hedhi hatajua lini asali na lini aache, wala lini afunge na lini alipe. Basi mzazi amwambiaye mtoto wake asali, kisha akanyamaza juu ya haya, amemwamrisha ibada na kumficha sharti lake.

Bibi Umm Sulaim r.a. alimwendea Mtume Mtukufu s.a.w. akamwuliza kama inampasa mwanamke kuoga anapoota ndoto ya usiku. Alitanguliza kusema kwamba Mungu haoni haya kwa jambo la haki. Mtume s.a.w. hakumkemea, alimjibu, na jibu lake limehifadhiwa katika Sahih Bukhari. Naye Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Mtume huyo huyo ndiye aliyefundisha kwamba haya ni sehemu ya imani, tena masahaba walimjua kuwa mwenye haya kuliko mwanamwali aliye ndani. Kwa hiyo haya na kufundisha vilikaa katika moyo mmoja, wala havikugombana. Haya humzuia mtu asiseme upuuzi na matusi. Haimzuii kusema lililo lazima. Wahenga nao walisema: Mficha uchi hazai.

Tena Imam Ahmad bin Hanbal ameandika katika Musnad yake habari iliyosimuliwa na Abu Umama r.a. Kijana mmoja alimjia Mtume s.a.w. mbele ya watu akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkaripia. Mtume s.a.w. akamwita karibu, akamketisha, akamwuliza kama angelipenda jambo hilo litendwe kwa mama yake. Akasema hapana. Akamwuliza juu ya binti yake, dada yake, shangazi yake na mama yake mdogo, na kila mara kijana akasema hapana. Na kila mara Mtume s.a.w. akamweleza kwamba watu wengine nao hawalipendi kwa jamaa zao. Mwisho akamwekea mkono na kumwombea msamaha, usafi wa moyo na ulinzi wa utupu wake.

Waliomkaripia walikuwa watu wema, tena walikuwa na haki ya kuchukizwa. Lakini kukaripia kwao kusingalimbadilisha kijana yule. Angaliondoka na hamu yake ile ile, pamoja na azma ya kutouliza tena. Mtume s.a.w. hakumwambia habari za moto kwanza. Alimfanya amwone mtu mwingine: kwamba kila mwanamke ni mama wa mtu, au binti wa mtu, au dada wa mtu. Kisha akamwombea. Katika kikao kimoja kijana alipata sikio la kumsikiliza, hoja ya kumtosheleza, na dua. Tujiulize ni vijana wangapi wa nyumba zetu waliopata hata moja katika hayo matatu.

Na ndugu zetu Wakristo wanaosoma ukurasa huu wanaijua habari ya Yusufu a.s., kwani imo pia katika kitabu cha Mwanzo. Katika Kurani Tukufu imo katika sura yenye jina lake: kijana aliye mbali na wazazi wake, katika nyumba ya mtu mwenye cheo, milango imefungwa, na mwenye nyumba ndiye anayemtaka. Sura hiyo haikuishia kwenye mlango na kanzu iliyochanika. Inaendelea kueleza jinsi wanawake wa mji walivyoanza kwa kumlaumu yule bibi, na walipokwisha kumwona kijana, wakawa upande wake. Mpaka Yusufu a.s. akamwomba Mola wake kwamba gereza ni bora kwake kuliko wanayomwitia (12:31-34). Hapo twaona kwamba mtihani wa kijana haukuwa mtu mmoja tu. Ulikuwa mji mzima. Kurani imelijua shinikizo la jamii kabla wataalamu hawajaliandikia vitabu, tena inasomwa misikitini mbele ya wakubwa na wadogo.

JE, KUFUNDISHA NI KUCHOCHEA?

Bado iko hofu moja ambayo haifai kudharauliwa: kwamba kijana akifundishwa atataka kujaribu. Mwongozo wa elimu hii uliotolewa na shirika la UNESCO mwaka 2009 ulikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi kutoka nchi mbalimbali. Haukuona kwamba mafundisho hayo huwaharakisha vijana kuanza. Katika kiasi cha theluthi moja ya miradi iliyochunguzwa, vijana walichelewa kuanza. Katika iliyobaki hapakuonekana tofauti. Matokeo haya yanawajibu wote wawili. Anayesema kwamba kufundisha ni kuchochea hakupata ushahidi wake humo. Na anayesema kwamba elimu ya mwili peke yake itawaokoa vijana naye hakupata ushahidi wake, kwani katika sehemu kubwa ya miradi hiyo kijana alijua lakini wakati wake wa kuanza ulibaki vile vile.

Kutojua nako kuna bei yake, na nchi zetu zimekwisha kuilipa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Watu hawakujua ni nini, wakauita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wafanya biashara wa magendo. Ulipokwisha pewa jina la kitambaa, nani angetazama mwenendo wake? Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kupata wagonjwa. Leo ziko dawa za kupunguza makali ya virusi, na mgonjwa azitumiaye vema huweza kuishi miaka mingi, bali dawa ya kuviondoa kabisa kwa watu wote haijapatikana.

Katika nchi jirani ya Uganda, chama cha madaktari Waislamu kiliona kwamba watu wengi wa vijijini humsikiliza imamu kuliko mganga. Mwaka 1992 kilianza kazi katika wilaya ya Mpigi ya kuwafundisha maimamu na wasaidizi wao, ili waziendee familia nyumba kwa nyumba. Maimamu walifundishwa jinsi ugonjwa unavyoambukizwa, na kwamba wembe mmoja usitumiwe kuwatahiria watoto wengi. Kazi hiyo ilisifiwa baadaye na shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI. Msikiti haukupungukiwa na heshima yake kwa kuyataja maradhi, uliongezewa.

KINACHOKOSEKANA

Basi tukiyakubali mafundisho ya daktari, je, yatosha? Hayatoshi, na daktari mwenye busara atakuwa wa kwanza kukiri. Daktari humweleza kijana namna ya kujikinga na ugonjwa. Hilo ni kweli na lisemwe. Hasa mume na mke ambao mmoja wao ana virusi wana haki ya kujua namna ya kulindana, na wachumba wana haki ya kupimwa kabla ya nikaha. Lakini kijana akiambiwa kwamba ubaya wa zinaa ni ugonjwa tu, siku atakapojiona salama na ugonjwa hatakuwa na sababu ya kujizuia. Jambo linaloharamishwa kwa ajili ya moyo, kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa bila baba, na kwa ajili ya mwenzako ambaye ni amana ya Mungu, halihalalishwi na duka la dawa.

Hapa ndipo Kurani Tukufu inapotangulia. Haikusema tu msizini. Imesema msiikaribie zinaa (17:33). Katika hotuba ile ya Lahore, Seyidna Ahmad a.s. alizikusanya njia tano za kujilinda zinazotoka katika Kurani: kuzuia macho, kuzuia masikio, kutosikiliza visa vya uzuri wa watu, kuepuka mahali na hali zinazoweza kumwingiza mtu katika dhambi, na, kwa asiyepata ndoa, kuitawala nafsi kwa kufunga na mfano wake. Zitazame njia hizo na uilinganishe na simu iliyo mkononi mwa mwanao. Macho, masikio, visa na faragha, yote manne yamo ndani yake. Mwenye kumpa mtoto simu bila kumfundisha hayo amempa barabara bila kumwonyesha mashimo.

Tena Kurani inaanza na wanaume. Katika Sura An-Nur amri ya kuinamisha macho na kulinda utupu imetolewa kwa wanaume waaminio kwanza (24:31), ndipo kwa wanawake (24:32). Jamii yetu imeigeuza mizani hiyo. Mimba ikionekana, tumbo la msichana hushuhudia dhidi yake, na mwanaume huenda zake. Kwa miaka mingi Tanzania, msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa asirudi. Mwezi wa Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kumruhusu arudi masomoni baada ya kujifungua. Nayo sheria ya mwaka 2016 ilimwekea adhabu ya kifungo cha miaka 30 mwanaume ampaye mimba mwanafunzi. Sheria ni jambo moja, na moyo wa baba ni jambo lingine. Baba amlindaye binti yake kwa ukali, huku akimcheka mwanawe wa kiume kwa ushindi wake, hamfundishi yeyote kati yao usafi. Amfundisha binti woga, na amfundisha mvulana dhuluma.

Wengine husema kwamba dawa ni kuwaoza mabinti mapema. Lakini Kurani Tukufu, inapotaja umri wa kuoa katika habari ya mayatima, inautaja pamoja na kukomaa kwa akili (4:7). Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Ndoa ni ngome kwa aliyekomaa. Kwa mtoto, yaweza kuwa gereza aliloingizwa kwa hofu ya wakubwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mzazi aanze mapema na kwa kadiri ya umri. Mtoto mdogo afundishwe sitara na kubisha hodi. Akaribiapo balehe, aambiwe kabla, si baada, mambo yatakayompata mwilini, na hukumu za tohara. Akiwa kijana aelezwe wazi hatari za zinaa kwa mwili na kwa roho, na hila za wanaotaka kumdanganya. Akiwa mchumba, afundishwe haki za mume na mke.

Pili, mzazi asiyeweza kusema asione aibu kutafuta wa kumsaidia. Wazee wetu hawakukosea kumchagua somo. Walilokosa ni mafundisho ya taqwa ndani ya masomo yake. Katika Jumuiya yetu tunazo Nasirat na Atfal kwa watoto, Khuddam kwa vijana wanaume, na Lajna Imaillah kwa wanawake. Hakuna sababu kwa nini mama wa Lajna mwenye elimu na heshima, akisaidiana na muuguzi aliye mcha Mungu, asiwe somo mpya wa mabinti zetu, na mzee mwenye busara awe vivyo hivyo kwa wavulana. Na ukipata bibi mwenye adabu, mkaribishe; mwombe amfundishe mjukuu wake yaliyo mema katika aliyofundishwa, ayaache yasiyofaa. Hivyo hataondoka na masikitiko.

Tatu, mlango wa kuuliza usifungwe. Kijana aliyekwisha kuteleza asikute mawe mkononi mwa babaye. Kama Mtume s.a.w. alimwita karibu yule aliyeomba ruhusa ya kuzini, sisi ni nani hata tumfukuze anayelia kwa kujuta?

Nne, tusiwaachie vijana mzigo ambao ni wetu. Msichana anayekosa nauli na sabuni hutafutwa na fataki kwa njia hiyo hiyo. Kumlipia nauli, kumnunulia mahitaji yake ya hedhi na kumjua rafiki yake ni sehemu ya mafundisho haya kama ilivyo hotuba.

Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba waaminio wajiokoe nafsi zao na watu wa nyumba zao na Moto (66:7). Amri hiyo imewekwa juu ya mtu mzima kwa ajili ya walio chini yake. Siku ya hesabu mzazi ataulizwa kama alimfundisha mwanawe, na hapo haitamfaa kusema kwamba aliona haya, kwani haya ya kweli ni kumwonea Mungu haya, na amana Yake iko mikononi mwetu.

Ee Mola, tufundishe kusema kweli kwa maneno safi, ulinde macho na nyoyo za vijana wetu, na utupe sisi wazazi masikio ya kuwasikiliza. Amin.